Umeme Umerudi, Meseji Haziendi

Umeme ukirudi, mtaa mzima hujua. Watoto hupiga kelele, feni huanza kuzunguka, redio iliyoachwa wazi huanza kusema peke yake. Kompyuta ya ofisini nayo huwaka, na kwa sababu imewaka, kila mtu huamini kuwa kazi inaendelea pale ilipoishia. Kwa mfumo wa kutuma meseji imani hiyo ni ya hatari. Mashine inaweza kuwaka, taa zake zote zikawa za kijani, na ndani yake kukawa na jambo ambalo likipita bila kuonwa litawatoa watu majumbani mwao kwenda kumngoja mtu aliyekwisha kuja na kuondoka.

Natunza mfumo wa namna hiyo hapa Pemba, wa ushirika wa wakulima wa mwani upande wa Micheweni. Ni kompyuta moja ya mezani yenye mfumo endeshi wa Linux, katika ofisi ya chumba kimoja. Katibu wa ushirika huandika meseji, huchagua kikundi, hubonyeza. Meseji huingia kwenye hifadhidata na kupanga foleni. Programu nyingine, ambayo sisi tunaiita mtumaji, huichukua kwenye foleni na kuipeleka kwa intaneti hadi kwa msambazaji, naye huigawa kwenye mitandao ya simu. Majibu ya wakulima hurudi kwa njia nyingine, kwa laini ya kawaida iliyowekwa kwenye modemu ya USB.

Asiyejua mwani anaweza kuuliza meseji zina uzito gani. Wakulima hawa, wengi wao kinamama, hushuka shambani wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali. Kwetu maji ya bamvua hupwa sana mnamo saa nne na saa tano asubuhi. Saa hizo mama yuko baharini na kamba zake, simu kaiacha nyumbani. Akirudi ana mwani mbichi wa kuanika, na ule wa juzi wa kugeuza kabla mvua haijaupiga. Siku ya mnunuzi ndiyo siku ya fedha. Akiikosa, gunia linabaki ndani, na mwani ukivuta unyevu bei yake inashuka. Akiambiwa siku isiyo sahihi, atajitwika gunia hadi ghalani na kurudi nalo. Kwa hiyo meseji iliyokosewa ni mbaya kuliko meseji ambayo haikufika kabisa. Hilo naliweka mbele kwa sababu mengi niliyoyafanya siku ile yalitoka hapo.

Ilikuwa masika. Umeme ulikatika jioni pamoja na radi, ukarudi usiku, ukakatika tena, ukarudi kwa kukatakata hadi karibu na alfajiri. Pemba tunapata umeme wa gridi kwa kebo inayopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea jenereta za Wesha, na waliokuwapo wanakumbuka mgao ulivyokuwa. Wenzetu wa Unguja nao hawajasahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, kebo yao ilipoharibika wakakaa gizani karibu miezi mitatu. Mtu aliyekulia visiwani hapati mshangao umeme ukikatika. Lakini tumezoea kuhesabu hasara ya friji na samaki waliooza, hatujazoea kuihesabu hasara ya kompyuta iliyoamka vibaya.

Asubuhi Katibu alinipigia. "Mwanangu, meseji haziendi. Nimeandika tangu saa moja, zote zimekaa tu, zimeandikwa zinasubiri."

Alikuwa ameshapita kwenye yale ambayo kila mtu huyashuku kwanza. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, upo. Bando lipo. Salio kwa msambazaji lipo. Intaneti ipo, kwani simu yake imeshika rauta ileile na WhatsApp inafunguka. Mwanawe alishamshauri azime kompyuta na kuiwasha tena.

Nikamwomba, "Bi Katibu, tafadhali usiizime. Iache kama ilivyo, nakuja."

Hapa nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Kuzima na kuwasha kunatatua mengi, sikatai, ila kunachafua ushahidi. Mashine iliyokatiwa umeme ghafla kisha ikaamka ina habari ya kusimulia, na habari hiyo imo kwenye kumbukumbu zake, mstari kwa mstari, na saa pembeni. Kila unapoiwasha upya unaongeza mistari mingine juu ya ile unayoitafuta, na pengine unaikatiza hifadhidata ikiwa katikati ya kujikarabati. Hifadhidata nzuri huwa na daftari la mabadiliko: kabla haijabadili kitu huandika kwanza kile inachotaka kukibadili. Umeme ukikatika, ikiamka hulisoma daftari lile na kumalizia kilichokuwa kimeanzwa au kukifuta kabisa. Kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa ambazo skrini haioneshi chochote, na ndizo dakika ambazo mtu mwenye haraka hubonyeza kitufe cha kuzima. Yetu ilikuwa imejikarabati yenyewe usiku, salama, alhamdulillah.

Nilipofika nilifungua kumbukumbu za mfumo na kuzisoma kuanzia nyuma, tangu jioni ya radi. Sikuanzia kwenye kosa la mwisho. Kosa la mwisho ndilo linalopiga kelele kuliko yote, na aghalabu ni mtoto wa kosa jingine. Mistari ya jioni ile ilikuwa ya Aprili. Mstari wa mwisho wa Aprili ulikatikia katikati ya neno. Uliofuata chini yake ulikuwa wa Januari mosi, saa sita usiku na dakika chache, miaka kadhaa iliyopita.

Nilimwonesha Katibu kwa kidole. Alivuta miwani, akasoma, akauliza, "Hii imerudi nyuma?"

Ndiyo, imerudi nyuma. Ndani ya kila kompyuta ya mezani, kwenye madabodi, yaani bamba kuu la saketi, kuna saa ndogo inayoendelea kutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Saa hiyo inalishwa na betri ya duara, namba yake CR2032, upana milimita 20, volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme, hata kama haijawashwa, saa hupata chakula chake kutoka kwenye waya na betri haihitajiki. Ndiyo maana betri inaweza kufa ikakaa miezi na miezi bila mtu kujua. Umeme ukikatika muda mfupi, UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba, hubeba. Siku umeme unapokatika muda mrefu hadi UPS nayo ikaishiwa, saa inasimama, na mashine ikiamka inaanza upya na tarehe iliyowekewa kiwandani. Niliichomoa betri baadaye nikaipima kwa mita, ilikuwa chini sana ya volti 3, na vishikio vyake vina kutu ya kijani. Ofisi iko karibu na pwani, madirisha wazi, chumvi inaingia na upepo.

Sasa kwa nini saa mbaya izuie meseji? Mtumaji akitaka kuzungumza na msambazaji kwa njia ya siri, kwanza huomba cheti, hati ya kidijitali ya kuthibitisha kuwa anayezungumza naye ndiye msambazaji mwenyewe. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho. Vingi siku hizi ni vya muda mfupi, vingine siku 90 tu. Kompyuta iliyodhani iko miaka kadhaa nyuma ilikiangalia cheti, ikaona kinaanza kutumika tarehe ambayo haijafika, ikakikataa. Ikajaribu tena. Ikakataa tena. Kumbukumbu zilijaa mstari uleule, kwamba cheti hakijaanza kutumika. Simu ya Katibu haikupata shida hiyo kwa sababu saa yake inatoka kwenye mtandao wa simu. Intaneti ileile, rauta ileile, simu inapita na kompyuta inakwama, na hapo ndipo watu huanza kumlaumu msambazaji ambaye hana kosa lolote.

Wapo watakaokushauri uiambie programu isikague vyeti, ipite tu. Itapita kweli. Lakini ndani ya meseji hizi mna namba za simu za watu na fedha walizolipwa, na kukagua cheti ndicho kinachokuhakikishia kuwa unazikabidhi mahali panapostahiki. Kuondoa kinga hiyo kwa sababu ya betri ya saa ni kuwakosea wale waliotuamini na namba zao.

Swali lililonisumbua zaidi ni kwa nini saa haikujirekebisha yenyewe, maana kompyuta ile imewekewa programu ya kuuliza saa kwenye intaneti. Jibu lilikuwamo mumo humo kwenye kumbukumbu. Programu iliuliza, ikajibiwa, ikalinganisha saa yake na ya nje. Kwa kawaida yake, ikiona tofauti imezidi sekunde 1000, yaani kama dakika 17, haithubutu kuirekebisha. Inahesabu kuwa kuna jambo si la kawaida, inaandika hivyo, na kujifunga hadi mtu aje. Upo mpangilio wa kuiruhusu iruke mara moja tu mashine inapowaka, na kwenye kompyuta hii haukuwa umewekwa. Kwangu mimi tabia ile ya kukataa ni ya busara, ila inataka pawe na mtu anayesoma kilichoandikwa.

Basi dawa ilijulikana, nayo ni amri moja ya kuweka saa. Katibu alikuwa anangoja niiweke. Sikuiweka. Kwanza nilimsimamisha mtumaji.

Saa ikirudi mahali pake, cheti kitakubalika papo hapo, na mtumaji ataimwaga foleni yote kwa pumzi moja. Humo ndani mna nini? Mna meseji zilizoandikwa jana kabla umeme haujakatika. Mna zile alizoziandika Katibu asubuhi, ambazo mfumo umezipiga muhuri wa Januari ya kale, kwa hiyo kwenye mpangilio zimekaa mbele ya za jana. Mna zilizopangiwa muda maalumu, zinazongoja saa yao, na saa ikiruka kutoka mwaka ule hadi leo zote zitahesabika kuwa wakati wake umefika. Mlango ukifunguliwa zinatoka zote pamoja, mbichi na zilizooza.

Tukakaa, mimi na Bi Katibu, tukaifungua foleni na kusoma meseji moja moja. Sehemu hii ndiyo ninayoithamini kuliko yote, na haikuwa kazi ya fundi. Mimi naweza kusema meseji ipi imekwama na kwa nini. Kama bado ina ukweli, anayejua ni yeye.

Ya kwanza: "Mnunuzi atafika kesho saa tisa mchana, leteni mwani mkavu tu." Iliandikwa jana. Kesho yake ndiyo leo. Ingetoka sasa, anayeisoma angeelewa kesho, na mnunuzi angekuja leo akakuta ghala tupu. Katibu aliifuta, akaiandika upya kwa jina la siku na tarehe. Ya pili ilikuwa ya mkutano wa vikundi kwenye skuli, uliokuwa wa asubuhi ileile, umeshapita, ikafutwa. Iliyofuata ilikuwa ya bei. Hapo alinyamaza kidogo, kisha akampigia mnunuzi kuuliza kama bei ni ileile. Ni ileile. Ikabaki. Nyingine ilikumbusha bamvua linaanza lini na kamba za kikundi zigawiwe wapi, nayo ikabaki.

Halafu tukafika kwenye za malipo, na hapa pana fundo ambalo kila anayejenga mfumo wa meseji lazima alifikirie kabla ya giza kuingia. Mtumaji, kabla ya kukabidhi meseji, huiandikia kuwa inatumwa. Akishajibiwa na msambazaji huiandikia kuwa imetumwa. Umeme wa jana ulikatika katikati ya mambo hayo mawili. Palikuwa na meseji kadhaa zenye alama ya inatumwa, na kompyuta haijui kama zilifika au hazikufika. Ukizituma tena, huenda mtu akapata mbili. Kwa meseji ya siku ya mnunuzi, mbili hazidhuru. Kwa meseji inayosema umelipwa fedha kadhaa, mbili zinazua ugomvi: mama anahesabu kalipwa mara mbili, mumewe anauliza za pili ziko wapi, na Katibu anaitwa mwizi kwenye barza. Usipozituma kabisa, yupo atakayebaki na wasiwasi kuwa jina lake limeruka.

Kwa bahati kila meseji yetu hubeba namba yake ya pekee, na msambazaji huihifadhi namba hiyo kwenye taarifa zake. Nikafungua taarifa kwa simu yangu, tukalinganisha namba kwa namba. Nyingine zilifika jana kabla umeme haujakatika. Nyingine hazikuonekana kabisa, na hizo tu ndizo tulizozirudisha kwenye foleni. Ilituchukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote za siku ile, Katibu akisoma kwa sauti na mimi nikitazama. Siku nyingine nitafanya vilevile. Mfumo usio na namba ya pekee kwa kila meseji hautakuwa na pa kuulizia, na nawasihi wanaojenga mifumo ya vikundi na vyama vya kuweka na kukopa waiweke tangu siku ya kwanza.

Baada ya hapo niliiweka saa, nikaiandika na kwenye saa ya madabodi, nikamwasha mtumaji. Hakuwaka. Alisema yupo tayari anafanya kazi. Hili ni dogo lakini hupoteza watu muda: mtumaji akianza kazi huacha faili lenye namba aliyopewa na kompyuta, kama kila programu inavyopewa yake, ili asije akawashwa mara mbili, na akizimwa vizuri hulifuta. Umeme ukikatika hakuna wa kulifuta. Mashine ikiamka namba ileile huenda imepewa programu nyingine kabisa, na mtumaji akiangalia anadhani ndiye mwenyewe. Nilihakikisha namba ile ni ya nani, nikalifuta faili, akawaka, foleni ikatoka kwa mpangilio tuliouweka. Modemu ya majibu nayo ilikuwa imebadilishiwa jina la mlango baada ya kuwaka mara kadhaa usiku. Tangu hapo naiita kwa jina lake la kudumu linalotokana na chombo chenyewe, halibadiliki hata ikichomekwa upande mwingine.

Betri mpya niliipata kwa fundi saa mjini Wete. Ukiitafuta, usiamini pakiti, pima.

Tumebadili mengine pia. Rauta sasa imechomekwa kwenye UPS pamoja na kompyuta. Zamani ilikuwa nje, na ofisi nyingi nilizoingia hufanya hivyo, kompyuta inabaki hai huku njia ya kutokea imekufa. UPS imeunganishwa kwa waya wa USB ili betri ikikaribia kuisha kompyuta ijizime yenyewe kwa utaratibu. Mtumaji hawaki tena peke yake umeme ukirudi. Hifadhidata inawaka, ukurasa wa Katibu unafunguka, ila mtumaji anangoja mtu. Na mtu akimwasha, kwanza hulinganisha saa ya kompyuta na muda wa meseji ya mwisho kwenye hifadhidata. Saa ikiwa nyuma ya muda huo, anakataa na kusema kwa nini, kwa Kiswahili, si kwa mistari ambayo mimi peke yangu ndiye ninayeielewa.

Kila meseji sasa ina muda wa kufa. Ya mnunuzi hufa mnunuzi anapofika. Muda huo tunaukabidhi na kwa mtandao wa simu, kwani meseji ikikuta simu imezimwa hungoja kwenye kituo cha mtandao, na kanuni za GSM, mfumo wa simu za mkononi, zinaruhusu ingoje tangu dakika 5 hadi wiki 63. Umeme ukikosekana muda mrefu, simu za vijijini nazo huzimika kwa kukosa chaji, zikaja kuwashwa siku ya pili au ya tatu. Bila muda wa kufa, mama atawasha simu yake baada ya siku zote hizo na kuitwa ghalani.

Karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya kompyuta aliiandika Katibu mwenyewe, kwa mwandiko wake na mpangilio wake: tazama saa, soma foleni, futa zilizopita, uliza bei, ndipo washa. Mimi ningeanza na vyombo, yeye kaanza na saa na maneno, na nimeuacha vivyo hivyo. Katika vuli umeme ulikatika tena usiku. Asubuhi alinipigia akiwa ameshamaliza. Saa ilikuwa sawa, kulikuwa na meseji mbili zilizopitwa na wakati na amezifuta, na tatu za malipo zenye alama ya inatumwa alikuwa ameziweka kando akitaka tuzilinganishe na taarifa za msambazaji. Nikafungua simu, akaanza kunisomea namba.